Alhamisi Niliyoshona Bila Kuuliza

Mwili wa Mama Régine ulikuwa bado ndani ya nyumba, sisi wanawake tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai, wakati Feza alipoingia uani, akapita katikati ya miguu ya watu, akaketi ubavuni mwangu na kuniwekea mfuko mweusi wa plastiki magotini. Hakusalimu. Mimi pia sikusalimu. Miaka ishirini na kitu sikuwa nimemwona, na bado nilimjua kwa mabega kabla ya uso, kwa sababu mabega yale niliwahi kuyashonea. Mfuko ulikuwa mwepesi. Ndani mlikuwa na nguo, niliisikia kwa vidole, na nilijua kwamba mwanamke huyu hawezi kuniletea nguo siku ya matanga ya Mama Régine eti kwa sababu amekosa fundi kwingine. Sikuufungua. Mbele yetu wanawake wa kanisa waliimba, upande wa jikoni walichambua maharagi, na mimi, mama mzima mwenye mvi na mjukuu, niliushika mfuko kwa mikono miwili kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa préfet, mkuu wa shule. Basi nitasema mambo ya mwaka ule kama yalivyokuwa. Kuna watu wanaosimulia ujana wao wakijipaka asali. Mimi mwaka ule nilikosea, na kosa lenyewe nililishona vizuri, kwa uzi imara.

Nilikuwa nimetoka shule na cheti changu cha ushonaji, kichwa kimejaa majivuno, Mama Régine aliponichukua kwenye atelier yake ya ushonaji kule Nyakasanza, mjini Bunia. Vyumba viwili vya matofali, bati juu, vumbi jekundu chini ya mlango hata ufagie mara nne kwa siku. Chumba cha mbele kilikuwa na mashine tatu za kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, pasi ya makaa, na harufu ya mafuta ya mashine iliyonifuata hadi kitandani. Chumba cha nyuma kilifichwa na mlango wa mbao, na mbele ya mlango palining'inia pazia la kijani. Humo mlikuwa na viti viwili, godoro lenye shuka safi, beseni, thermos ya chai, na dirisha linalotazama mgomba mmoja. Viti havikutazamana. Vyote viwili viligeukia dirisha, kwa sababu Mama Régine alisema mtu aliyeumizwa hapendi macho ya mtu mwingine usoni mwake, anapenda mtu wa kutazama naye upande mmoja. Niliona ni maneno ya wazee tu. Baadaye nilikaa kwenye viti vile nikaelewa.

Kazi ya chumba cha nyuma haikuandikwa popote. Mwanamke aliyebakwa, au aliyepigwa na bwana wake, alikuja kwetu na nguo iliyopasuka, yoyote ile, hata ya mtoto. Majirani wakimwona njiani wanaona mtu anakwenda kwa fundi, basi. Akifika, fundi anaipokea nguo na kumuuliza kwa sauti ndogo: "Unataka nishone, ao unataka tukae?" Anayetaka kushonewa anashonewa. Anayesema tukae anafunguliwa mlango. Kutoka huko Mama Régine alimsindikiza kwa miguu hadi kituo cha afya, kwa infirmière mmoja, muuguzi asiye na maneno mengi, anayetunza dawa ndani ya kabati. Na hapo ndipo penye roho ya kazi yote: dawa zile za kuzuia ugonjwa na mimba zina siku tatu. Zikipita siku tatu, bado kuna mengi ya kumsaidia mtu, lakini kwa hayo mawili mlango umefungwa. "Ngozi huvutwa ingali mbichi," Mama Régine alikuwa akisema, na alikuwa mtu wa ng'ombe, alijua ngozi. Sharti lake lilikuwa moja tu. Kila anayeingia na nguo anaulizwa. Hata kama unamjua. Hata kama ni dada yako wa tumbo moja. "Kuuliza si ujinga, Claudine. Ujinga ni kujijibia."

Saa sita tulikula humo humo nyuma kama hakuna mgeni, bugali na sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine samaki wa ziwani aliyekaushwa, na Mama Régine alininyima kichwa cha samaki kwa miezi miwili akisema sijastahili. Kama kulikuwa na mgeni, mimi nilibaki mbele na kazi yangu ilikuwa kukanyaga mashine. Nilitoa uzi kwenye sindano, nikakanyaga mashine tupu, trrr, trrr, ili wateja wa mbele wasisikie mtu anavyolia nyuma ya mlango. Bado nilisikia vipande. "Nilikuwa natoka kuteka mayi." "Ni mwenye nilikuwa naita baba." "Usiambie bwana yangu, mama, atanifukuza." Nikakanyaga zaidi. Kuna siku niliondoka pale jioni na mapaja yanauma bila kuwa nimeshona hata pindo moja, nikafika nyumbani nikakataa chakula, nikaambiwa ninajisikia.

Ikafika mwezi wa tatu. Anayeijua Bunia anajua vile tarehe nane, siku ya wanawake, inavyokuwa. Wanawake wa kila ofisi, kila kanisa, kila soko wanavaa kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja na kuandamana barabarani nyuma ya bango linalosema mwanamke aheshimiwe, na kila mmoja anataka mtindo wake, mikono ya puto, shingo ya mashua, na kila mmoja anataka leo. Meza ilipotea chini ya vitambaa. Mama Régine alikuwa mbioni kutafuta vifungo na uzi sokoni, fundi wa tatu alikuwa na malaria, nikabaki peke yangu na wanawake wanane wakinisimamia mgongoni. Ilikuwa Alhamisi, maandamano ni Jumamosi. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha, maana kwa mara ya kwanza mjini watu walikuwa wakiulizia fundi Claudine kwa jina.

Hapo ndipo Feza alipoingia. Tulikuwa tumesoma benchi moja miaka minne. Alikuwa mcheshi, mvivu wa hesabu, mtu wa kukopa kalamu na kukurudishia kifuniko tu. Alikuwa akiishi kwa baba yake mdogo, nyumba mbili tatu kutoka sokoni. Alivaa sweta kwenye jua lile, na mkononi alishika bulauzi ya bluu iliyopasuka kuanzia shingoni hadi chini ya kwapa, vifungo vitatu havipo. Nilifurahi kumwona. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, kwamba nilifurahi. Niliipokea ile bulauzi, nikaigeuza mbele ya watu wote, nikamwambia, "Feza, ulipigana na mbuzi?"

Alicheka. Nimekirudia kicheko kile maisha yangu yote na hadi leo sijui alikitoa wapi. "Mbuzi dume," akasema. Wanawake wengine nao wakacheka. Nikamwekea kiti, nikammiminia chai, nikasogeza vikwembe vya watu wenye haraka na kumshonea yeye kwanza, kwa sababu ni rafiki yangu. Nikaweka kitambaa cha ndani begani ili kitambaa kisiachie tena, nikapita mara mbili na mashine, nikatafuta vifungo vya bluu vinavyolingana, nikapiga pasi. Robo tatu ya saa. Wakati wote huo alikaa na kikombe mkononi bila kunywa, akitazama lile pazia la kijani. Halafu akaniuliza, "Ule mulango ya nyuma inaenda wapi?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lakini kulikuwa na wanawake wanane, na nilikuwa nimefundishwa kuitunza siri ile kama mboni ya jicho, na huyu ni Feza, Feza wa kucheka, mambo ya chumba kile yanamhusu nini yeye. "Ni dépôt," nikasema. "Tunaweka bitambaa."

"Ah," akasema. Akasimama, akavaa bulauzi yake juu ya ile sweta, akainyoosha begani kwa kiganja. "Umeshona muzuri." Akaondoka. Sikumuuliza nishone ao tukae. Nilikuwa nimeshashona.

Jumamosi tuliandamana. Mimi niliimba hadi sauti ikakauka. Jumatatu asubuhi, vumbi la sherehe bado halijatulia, akaja tantine wa Feza, shangazi yake, mama mmoja mwembamba anayeuza mboga za lenga-lenga sokoni. Alibeba bakuli la mboga na nanasi zuri. Alipiga goti kidogo mbele ya Mama Régine akasema, "Mama, nimekuja kusema aksanti. Ule mutoto niliwatumia Alhamisi, kweli muliisha kumusaidia. Mimi niliogopa siku tatu zitapita, lakini yeye alisema alifika kwenu." Mama Régine alipokea nanasi kwa mikono miwili. "Mutoto gani, mama?" Yule mama akamtaja. Akaeleza kwa sauti ya chini vile ilikuwa: mpangaji wa nyumba ya baba mdogo, mtu mzima, mnunuzi wa dhahabu anayekuja na kurudi machimboni Kilo, Jumanne kabla ya maandamano, watu wakiwa kwenye maombi. Mama Régine aligeuka akanitazama mimi, na mimi nilikuwa na sindano mdomoni, nikaogopa kuimeza. Siku ile ilikuwa ya saba. Feza alikuja kwetu siku ya tatu.

Tulikwenda mbio bila hata kuvua mètre, ule utepe wa kupimia, shingoni. Uani kwa baba mdogo kulikuwa na mbuzi wanne wamefungwa kwenye mti wa parachichi, sufuria mbili motoni, wanawake wakimenya ndizi. Walitukaribisha vizuri. Hilo nalo siwezi kulisahau, vile walitupa viti na sahani ya nyama, wakatuambia karibuni, mumefika kwa wakati. Kutoka sebuleni tulisikia wanaume. Mmoja alisema, "Siye ni wandugu, hatuwezi kupelekana kwa police juu ya mambo ya nyumba." Mwingine alisema, "Kijana amekubali kumuoa, sasa kilio ni ya nini?" Kijana mwenyewe alikuwa na umri wa kumzaa. Mama Régine aliingia mle ndani bila kuitwa, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa. Nilimsikia akisema hii ni kesi ya tribunal, ya mahakamani, haina arrangement ya nyumbani, sheria inakataza, na binti ana haki ya kukataa. Baba mdogo alimjibu kwa heshima kabisa, wala hakupandisha sauti. "Mama, hiyo sheria yenu italala na siye hapa? Mutoto akikosa bwana, sheria itamuoa?"

Mwishoni walimwita Feza mwenyewe, kumaliza maneno. Alisimama mlangoni na ile bulauzi ya bluu. Mama Régine alimuuliza mbele yao kama anataka kutoka naye, sasa hivi, kuna mahali pa kulala, kuna mwanasheria, kuna daktari, hakuna aliyechelewa. Nilimuona Feza akihesabu vichwa vya wazee wake. Halafu akanitazama mimi tu. "Nilienda kushonisha nguo," akasema. "Walinishonea." Wanaume wakapumua. Mama Régine alinishika mkono tukatoka, na njiani mimi niliomba moyoni anipige. Hakunipiga. Alienda bila mimi kwa chef wa kartie, mkuu wa mtaa, akaenda police, akarudi mara tatu, na kila mara akaambiwa hakuna mlalamikaji. Wiki ile Feza alipakiwa kwenye gari la Kilo na godoro jipya.

Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake Mama Régine aliniondoa kwenye mashine akaniweka kwenye kigoda cha mlangoni. Miezi minne sikugusa kitambaa. Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Aliyeleta soksi nilimuuliza. Aliyeleta pazia la parokia nilimuuliza. Siku moja mzee katekista alileta suruali yake iliyoachia matakoni, nikamuuliza, "Muzee, unataka nishone, ao unataka tukae?" Akasema tukae, mwanangu, maana jua ni kali, akanisimulia ugonjwa wa mgongo wake saa nzima, na Mama Régine nyuma ya meza alijizuia kucheka hadi machozi yakamtoka. Lakini wiki hiyohiyo mke wa dereva mmoja wa malori ya Aru, mteja wetu wa miaka, mwanamke wa dhahabu masikioni ambaye nisingemdhania hata kidogo, aliniletea kanga nzima isiyo na tundu. Nikamuuliza. Aliikunja kanga ile mara mbili, halafu akasema, "Tukae." Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe. Nilipotoka nikakanyaga mashine tupu, na sikumlilia yeye, nilimlilia Feza.

Mwezi wa nane nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Kilo. Mama Régine alinipa nauli na kipande cha fromage, jibini la kumpelekea, akanikataza kumuomba Feza msamaha. "Usiende kumubebesha mizigo yako," alisema. Sikumsikia, nilikuwa mtoto. Nilimkuta akikaanga beignets, maandazi, kando ya njia ya wachimbaji, udongo umechimbwachimbwa kila upande, wanaume wamejaa tope hadi kope wakinunua kwa deni la midomo. Tumbo lilikuwa limeonekana. Alikonda usoni, na jicho moja lilikuwa na weusi uliogeuka njano, wa siku nyingi. Juu ya tumbo alivaa ile bulauzi, vifungo vya chini vimeachwa wazi. Alinipa kigoda, akanipa chai na beignets tatu kwenye karatasi, nikala kwa sababu kukataa kungekuwa matusi. Halafu nikaanza kulia na kusema nisamehe, nisamehe, mbele ya wachimbaji.

"Uliniambia ni dépôt," akasema.

"Ndiyo. Nilikuambia."

"Nilijua si dépôt. Tantine alishanieleza yote. Alisema, utafika, watakuuliza, weye utajibu tu." Aligeuza beignets kwenye mafuta. "Nilingojea uniulize, Claudine."

"Sasa juu ya nini haukusema weye mwenyewe?" Nilimuuliza hivyo, mimi, na tope la aibu liko hadi shingoni.

"Kujibu ningeweza. Kuanza, kinywa ilikataa." Akaifuta mikono, akashika ule mshono begani, akauvuta kwa nguvu kunionyesha. "Ona. Kila kitu yangu imepasuka huku. Hii haijaachia." Nilimwambia turudi wote Bunia, moto iko inangoja. Alitazama tumbo lake, akatazama nyumba ya mbao nyuma yake, ambako mtu alikuwa anakohoa. "Nilishaingia kwenu mara moja," akasema. Nikarudi peke yangu na kile kipande cha fromage, nilisahau hata kumpa.

Mwezi wa kumi na mbili tantine alituletea habari kwamba amezaa msichana, na kwamba wote wawili wazima. Mama Régine alikata kitambaa kilichobaki cha tarehe nane, akashona kijigauni, akamtumia. Mwaka ukaisha. Nilirudishwa kwenye mashine. Tangu hapo nimewauliza watu sijui wangapi, na waliosema tukae nimekaa nao, na wengi walifika kwa wakati, na watu huniambia Claudine umefanya kazi ya maana. Sijui. Mimi ninachokijua ni kwamba anayekuja peke yake, na aliyekwisha kutembea njia yote ile, bado anaweza kukwama hatua mbili kabla ya mlango kwa sababu ya mtu mmoja anayempenda na mwenye haraka. Wanadamu tunaogopa kuwauliza wale tunaowajua kuliko wageni. Nimezeeka na sijapata dawa ya hilo, isipokuwa kuuliza.

Basi chini ya turubai, wimbo ulipokatika, niliufungua ule mfuko. Ilikuwa bulauzi nyeupe, ya kisasa, ndogo, si ya umri wa Feza. Imepasuka kuanzia shingoni. Wanawake wawili waligeuka kututazama na sikuwajali. Nikamsogelea hadi nikasikia pumzi yake, nikamuuliza, miaka ishirini na kitu nimechelewa, "Feza. Unataka nishone, ao unataka tukae?"

"Hapana kukaa," akasema. "Twende. Si mimi. Ni mutoto yangu."

"Tangu lini?"

"Juzi asubuhi. Tumetoka Kilo kwa moto, njia ilikuwa imefungwa, tumelala njiani."

Leo ni siku ya tatu. Nilisimama. Kuondoka matangani mwili haujatoka ni jambo ambalo kwetu litasemwa hadi wajukuu, na mimi ndiye niliyetakiwa kusema neno kwa niaba ya atelier. Nilisimama, nikamwacha Mama Régine ndani ya sanduku lake, nikapita katikati ya miguu ya watu nikimshika Feza mkono. Nje, kando ya barabara, msichana alisimama karibu na moto, amevaa sweta kwenye jua. Mabega yalikuwa yale yale. Mama yake alitaka kusema kwa niaba yake, nikamzuia kwa kiganja. Nikasimama ubavuni mwa yule binti, sote wawili tukitazama barabara, na nikamuuliza yeye mwenyewe, polepole, kama sina haraka yoyote duniani, na saa zilikuwa zinakwenda.

Alikwaruza vumbi kwa kidole cha mguu.

"Mulango ya nyuma," akasema. "Mama anasema si dépôt."

"Si dépôt," nikamwambia. "Haikuwa dépôt hata siku moja."

Akapanda moto nyuma yangu, Feza nyuma yake, tukaenda moja kwa moja kwa infirmière.